Maswali na majibu: Ekari tano za mipaini na chensoo moja

Kiangazi kimeingia, barabara za mashambani zimekauka, na barua nyingi za safari hii zimetoka Mufindi, Njombe na Kilolo, kusini mwa Tanzania, ambako wenye mashamba ya miti wanaanza kuvuna. Tumechagua saba. Wanaojibu ni bwana misitu pamoja na fundi wa misumeno ya mnyororo, ile ambayo siku hizi karibu kila mtu anaiita chensoo.

Nina ekari tano za mipaini ya miaka 15, niliipanda mita 3 kwa 3. Mnunuzi anataka magogo yote ndani ya mwezi mmoja. Nina chensoo moja, opareta mmoja na vijana wanne. Itawezekana? Na nianzie upande gani wa shamba?
Mwenye shamba, Mufindi

Tuanze na hesabu. Mita 3 kwa 3 ni miti kama 450 kwa ekari. Ukitoa iliyokufa na ile uliyoipunguza, tuseme imebaki 300 kwa ekari, yaani miti 1,500 shamba zima. Mti wenye unene wa sentimita 25 hadi 30 unahitaji kama dakika 10 kwa opareta anayejua kazi: kuuangusha, kusafisha matawi na kukata magogo. Hizo ni dakika 15,000, sawa na saa 250. Sasa usidhani mashine itakata saa nane kwa siku. Kuna kujaza mafuta, kunoa, kuhama na kupumzika. Ukipata saa tano za kukata kweli umefanya vizuri, na kwa kasi hiyo una kazi ya siku 50. Kwa mashine moja, mwezi mmoja hautoshi. Tafuta mashine ya pili na opareta wake, au mwombe mnunuzi akuongezee muda. Usijaribu kufidia kwa kukata hadi giza linaingia. Mkono uliochoka hauishiki mashine sawasawa, na jicho lililochoka halioni tawi kavu lililoning'inia juu.

Pa kuanzia panaamuliwa na upepo, mteremko na njia ya kutolea magogo. Miezi ya kiangazi upepo wa huko kwenu kwa kawaida hutoka kusini-mashariki. Basi anza ukingo wa kaskazini-magharibi na uangushie nje, kwenye uwazi, ukirudi nyuma mstari kwa mstari. Kila mstari utaangukia pale mstari uliotangulia ulipokuwa, na upepo utakusaidia kusukuma. Ukianza upande wa pili utakuwa unalaza miti juu ya miti iliyosimama huku upepo ukikurudishia, na nusu yake itaning'inia kwa wenzake. Mnakata siku ya upepo mkali unaobadilika-badilika? Lazeni mashine, safisheni matawi kwa panga.

Elekeza miti ilale mshazari kwa njia ya kutolea, kama nyuzi 45, matako yakitazama njia. Trekta au ng'ombe watayavuta bila kuyageuza. Kwenye mteremko usiangushe moja kwa moja kwenda chini, maana mti utateleza na kilele kinaweza kuvunjika. Ulaze mshazari ukikatiza mteremko. Asiwepo mtu anayefanya kazi chini ya mwingine, hata kama ni kuokota kuni tu.

Vijana wako wanne wagawe hivi: mmoja yuko na opareta, anabeba kabari, nyundo na mtaimbo, na ndiye macho yake. Watatu wako nyuma wanapanga matawi na kusogeza magogo, wakiwa mbali na mti unaokatwa kwa urefu wa miti miwili au zaidi. Kama mipaini yako ina mita 20, hiyo ni mita 40. Pimeni kwa hatua siku ya kwanza, mwekeeni kila mmoja alama, maana umbali wa kukisia hupungua kadiri siku inavyokwenda.

Kabla ya kukata magogo, muulize mnunuzi urefu kamili. Anayetaka futi 12 hataki gogo la futi 12 kasoro inchi. Ongeza sentimita 5 hadi 10 kila gogo. Na usiangushe zaidi ya kile lori linachobeba kwa wiki. Gogo bichi la mpaini likilala shambani, hasa mvua zikianza, huingiwa na kuvu inayotia ubao rangi ya bluu. Nguvu ya ubao haipungui sana, ila bei inashuka, na mnunuzi ataiona doa hiyo kabla hajaona kitu kingine.

Chensoo yangu inakata vizuri miti miwili ya kwanza, halafu inatoa unga kama wa sembe. Pia mkato unapinda kwenda kulia. Fundi wa mjini amesema ninunue cheni mpya, hii ni ya tatu tangu Machi.
Opareta, Makambako

Weka hela yako mfukoni kwanza. Cheni nzuri hutoa vipande vyembamba kama chengachenga za ubao. Unga ni dalili kwamba jino halikati tena, linasaga. Na cheni inayopinda ina meno ya upande mmoja marefu au makali kuliko ya upande wa pili. Mkato huvutwa kwenda upande wa meno yaliyo bora. Kwako wewe meno ya kulia yanakula na ya kushoto yanasuasua. Hilo hutokea sana kwa anayenoa kwa mkono wa kulia, kwa sababu upande mmoja tupa hukaa vizuri na upande mwingine anapapasa.

Swali la kwanza ni tupa yenyewe. Pima kutoka katikati ya ribiti moja (kile kipini kinachounganisha vipande vya cheni) hadi katikati ya ribiti ya tatu. Ukipata milimita 19, cheni yako ni ya saizi ya tatu kwa nane, na tupa yake ya duara ni ya milimita 5.2 au 5.5 kufuatana na maelekezo ya mtengenezaji. Ukipata milimita 16.5, ni ile ya 325, tupa yake ni milimita 4.8. Wengi hununua tupa iliyopo dukani, hapo ndipo tatizo huanza. Tupa nene mno hulifanya jino liwe butu kwa mbele, na nyembamba mno huchimba ndoana ambayo ni kali kwa dakika tano kisha inavunjika ncha.

Kunoa kwenyewe: bana upanga, yaani kile chuma kirefu kinachobeba cheni, kwenye kisiki ulichokipasua kidogo, au kwenye kibanio kidogo cha fundi. Tafuta jino fupi kuliko yote, hilo ndilo kipimo chako. Shika tupa kwa pembe ya nyuzi 30, moja ya tano au robo ya unene wa tupa ikiwa juu ya paji la jino. Au ununue kishikio chenye mistari ya pembe, ambacho hugharimu chini ya cheni moja. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, usikwangue ukirudi. Hesabu mikwaruzo: kama jino la kwanza limepata mitatu, yote ya upande huo yapate mitatu. Geukia upande wa pili, na kama huo ndio mkono wako dhaifu, zungusha mashine badala ya kupinda kiwiliwili. Meno yote yawe na urefu mmoja na lile fupi. Kwa kuwa yako tayari yanatofautiana, mara ya kwanza itakuchukua nusu saa.

Halafu kuna kile kinundu mbele ya kila jino. Wengi hawakigusi kabisa, wengine hukitoa chote wakiamini cheni itakula zaidi. Kinundu ndicho kinachoamua jino litaingia ndani ya mti kiasi gani. Kiwe chini ya ncha ya jino kwa milimita 0.65. Kila unaponoa, jino hupungua urefu na kimo, kwa hiyo kinundu kinaanza kulizuia, na ndiyo maana unajikuta unaikandamiza mashine. Kila baada ya kunoa mara tatu hadi tano, weka kipimo juu yake, ondoa kinachochomoza kwa tupa bapa, kisha zungushia ukingo wa mbele. Ukikishusha mno, cheni itakamata mti, mashine itatetemeka na siku moja itakurushia teke, yaani upanga utaruka ghafla kukuelekea.

Mambo mengine yanayoua makali: tako la mti lililojaa mchanga, na kugusa ardhi. Kugusa udongo mara moja kunatosha kuharibu upande mzima wa cheni, kwa hiyo kwangua magome machafu kwa panga pale utakapokata. Gogo likiwa limelala chini, kata robo tatu kisha ulibingirishe, umalizie juu.

Mpangilio mzuri kwa kazi ya miti mingi ni cheni tatu zinazobadilishana. Noa mikwaruzo miwili mitatu kila unapojaza mafuta, na jioni zinoe zote vizuri. Zikibadilishana hivyo, gurudumu la meno linalovuta cheni nalo huisha sawia nazo. Libadilishe likichimbika nusu milimita. Kila ukifungua upanga, upindue juu chini, safisha mfereji wake, zibua tundu la oili, na tupia mbali ule uchafu. Cheni ikifika jino lenye milimita 4 za chuma cha kukatia, ndipo umwendee muuzaji.

Kukaza: cheni ikae bila kulegea chini ya upanga, lakini mkono wenye glovu uizungushe kwa urahisi. Kazini hupata moto ikarefuka, ukaikaza. Kabla ya kuondoka jioni, ilegeze. Ikipoa huku imekazwa, husinyaa na kuvuta ekseli ya injini, na ndiyo sababu ya mashine nyingi kuingia gereji bila ajali yoyote kutokea.

Mlingoti (mkaratusi) wa sentimita 40 uliolalia bondeni ulichanika kwenda juu nilipokuwa nakata kwa nyuma, tako likaruka juu ya kichwa changu. Sijui nilikosea nini.
Opareta, Njombe

Ulikata mti ulioegemea kwa njia ya mti uliosimama wima. Mlingoti una nyuzi ndefu zilizonyooka, na ule uliolalia mbele umevutwa kwa nyuma kama upinde. Ukiingia taratibu kutoka nyuma, mvuto huo huushinda mti kabla hujafika kwenye bawaba (ukanda unaoachwa bila kukatwa ili uushike mti unapoanguka), na mti, badala ya kukunjika, hupasuka kwa urefu. Mdomo mdogo wa mbele, yaani ule mkato wa pembe upande mti unakoangukia, na mnyororo butu hufanya mambo kuwa mabaya zaidi.

Kwa mti wa namna hiyo chomeka upanga katikati. Kata mdomo mbele wenye kina cha robo ya unene, yaani sentimita 10 kwa mti wako, na uwe wazi nyuzi 60 au zaidi, ili bawaba ipinde hadi mti ukaribie ardhi. Pima sentimita 4 nyuma ya mdomo, hizo ndizo bawaba. Chomeka upanga ubavuni nyuma ya alama hiyo ukitumia sehemu ya chini ya ncha. Ile robo ya juu ya ncha ndiyo inayorusha teke, isiguse mti. Mashine iwe kwenye kasi kamili, vidole gumba vimezunguka vishikio. Upanga ukiisha kupenya upande wa pili, kata kwenda nyuma na uache ukanda wa sentimita 4 au 5 usioukata. Sasa mti umeshikiliwa mbele na nyuma, katikati umetoboka sentimita 22 hivi. Tazama juu, tazama njia yako ya kukimbilia, ambayo iende nyuma kwa mshazari wa nyuzi 45 na si moja kwa moja nyuma ya mti. Kata ukanda ule kwa nje, ukisimama pembeni. Mti utaondoka mara moja.

Kwa mti uliosimama wima hakuna haja ya haya yote. Mdomo wa robo, mkato wa nyuma juu kidogo ya pembe ya mdomo, bawaba ya sehemu moja ya kumi ya unene, kabari inaingia mara upanga ukijificha ndani. Bawaba isikatwe kabisa hata siku moja. Ikiisha, mti unajichagulia pa kuangukia.

Ni sawa kutumia oili chafu ya gari kwenye cheni? Na mchanganyiko wa petroli uwe kiasi gani?
Msomaji, Kilolo

Oili iliyomwagwa kwenye gari ina chembe za chuma zinazosaga pampu na upanga, na ina sumu inayoingia mwilini kupitia ngozi na mvuke. Nunua oili ya cheni, inayonata na isiyorushwa na mwendo. Kuhakikisha inatoka, elekeza ncha ya upanga kwenye gogo jeupe, endesha kwa kasi, utaona mstari wa matone. Tangi la oili na tangi la petroli yanapaswa kuisha karibu pamoja. Kama petroli imeisha na oili ipo nusu, tundu limeziba.

Petroli: lita 5 kwa mililita 100 za oili ya 2T (ya injini za mipigo miwili) iliyo bora, ambayo ni moja kwa hamsini. Oili usiyoijua ubora wake, weka mililita 200. Changanya ya mwezi mmoja, si zaidi. Kwa mashine ya kati, siku ya kazi hutumia lita 4 hadi 6 za mchanganyiko na nusu yake ya oili ya cheni. Usijaze mashine ikiwa moto, na kabla ya kuwasha sogea mita 3 kutoka pale ulipojazia. Majani makavu ya mpaini yanawaka haraka, weka ndoo ya maji na matawi mabichi karibu.

Mwanangu wa pili anakata miti kwa watu akiwa amevaa ndala na kofia ya kawaida. Kila siku naomba Mungu arudi salama. Vifaa vinauzwa ghali. Akianza na kimoja, kiwe kipi?
Mama, Mafinga

Shikamoo mama. Usimwache achague kimoja, lakini kama pesa inaingia kidogo kidogo, mwanzo ni viatu vya ngozi vyenye chuma ncha, kesho yake helmeti yenye wavu wa uso na vifuniko vya masikio, na mara tu apatapo, suruali ya kinga. Mashine hizi hupiga kelele zaidi ya desibeli 100, na masikio yakiharibika hayarudi.

Suruali hiyo haijatengenezwa kwa chuma. Ndani ina tabaka za nyuzi ndefu. Cheni ikiigusa, huzivuta nje, nyuzi zinaziba gurudumu la meno, injini inazimika. Tafuta alama ya picha ya chensoo na daraja la 1, lililopimwa kwa kasi ya mita 20 kwa sekunde. Ya mtumba inafaa, ila igeuze na kuangalia isiwe na mkato au mshono ndani ya tabaka. Fundi cherehani akiipiga kiraka, amezifunga nyuzi zisisogee, na hapo ni suruali ya kawaida. Mguu wa kushoto ndio huumia mara nyingi, kwa sababu uko mbele.

Mwambie pia kila asubuhi ajaribu breki ya cheni, kwani hiyo haina bei. Na kama vidole vyake vinageuka vyeupe na kufa ganzi, hasa baridi za Juni na Julai, huenda mpira unaozuia mtetemo wa mashine umekufa. Aubadilishe na apumzike.

Mpaini ukining'inia juu ya mwenzake, tunakata vipande vipande toka chini mpaka uteremke. Mdogo wangu anasema ni hatari. Tufanyeje?
Mkataji, Mufindi

Msikilize mdogo wako. Kila kipande mnachokata kinaangusha uzito mkubwa karibu na miguu yenu, na hamjui kipi kitalegeza kilele. Vilevile msikate mti unaoubeba, msiangushe wa tatu juu yake, na msipite chini yake. Fungeni eneo hilo.

Njia ya kwanza ni kuuzungusha: ingiza mtaimbo wenye ndoano kwenye gogo, au funga kamba tako, ukiwa umekata sehemu kubwa ya bawaba na kuacha pembe moja tu ya kushikilia. Uvute ubingirike upande wa mbali nanyi. Isipokubali, mkalete trekta au ng'ombe wenye mnyororo mrefu, muuvute kwa tako kurudi nyuma. Mnyororo uwe mrefu kuliko mti. Haikuwezekana leo? Wekeni utepe na mkate upande mwingine wa shamba, kesho yake mrudi na kifaa.

Baada ya kuvuna milingoti nataka ichipue tena. Nikate kisiki wapi? Na je, nahitaji kibali kwa miti niliyoipanda mwenyewe?
Mwenye shamba, Wanging'ombe

Kisiki kisizidi sentimita 10 hadi 12 kutoka ardhini, mkato mmoja laini wenye mteremko ili maji yasikae, na magome yasibanduke. Chipukizi hutoka chini ya magome, ukiyachuna umeliua shina. Toa matawi yaliyoanguka juu ya kisiki siku hiyo hiyo. Vichipukizi vikifika mita moja au mbili, acha vitatu vyenye nguvu vilivyotawanyika, baadaye viwili au kimoja. Mpaini hauchipui, huo utapanda upya.

Kuhusu kibali, Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inasimamia uvunaji na usafirishaji. Hata miti iwe yako, lori halitoki bila hati ya kusafirisha mazao ya misitu, na atakayesimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani ni dereva wako. Anza ofisi ya kijiji upate barua ya kuthibitisha shamba ni lako, kisha nenda ofisi ya misitu ya wilaya au ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, iliyo karibu nawe kabla hujaita lori. Mavuno ya kijijini kwenu yakishakuwa mengi, opareta wako nao wajue kwamba Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi hufundisha fani hizi.